Fuego wa Kentucky: tathmini ya onesho la farasi wa Kihispania kwa wafugaji wa Dodoma

Rekodi ya video ninayoitathmini hapa ina urefu wa dakika sita hivi, inapatikana bure kwenye intaneti, na inamwonesha farasi dume wa Kihispania aitwaye Fuego akiwa mbele ya majaji katika Michezo ya Dunia ya Farasi iliyofanyika Kentucky, Marekani, mwaka 2010. Nawaandikia wafugaji na maofisa mifugo wa Dodoma, hasa wale wanaopeleka wanyama Nzuguni wakati wa Nane Nane, kwa sababu sijaona somo bora zaidi la namna ya kuitambulisha mbegu ya mnyama kwa watu wasioijua.

Michezo hiyo, iliyoanza mwaka 1990 mjini Stockholm, ilikuwa inafanyika nje ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Fuego, akiongozwa na mpandaji Juan Manuel Muñoz Díaz, alishiriki dresaji, yaani shindano la kupima utii, usawa wa mwili na ubora wa mwendo wa farasi. Katika hatua tunayoiona kwenye rekodi, mpandaji hujichagulia muziki na kupanga mwenyewe mfuatano wa mazoezi, kisha majaji hutoa alama za ufundi na za usanii. Kwa miaka mingi ngazi hiyo ilikuwa imetawaliwa na farasi wa Kijerumani na wa Kiholanzi, wenye miguu mirefu na hatua ndefu, ilhali farasi wa Kihispania alihesabiwa na watu wengi kuwa wa gwaride na sherehe.

Dhana hiyo haikuwa ya haki, na historia ya mbegu yenyewe inaikanusha. Mfalme Philip II wa Hispania ndiye aliyeagiza mwaka 1567 kuanzishwa kwa mazizi ya kifalme mjini Córdoba ili farasi hao wazalishwe kwa mpango, na kitabu rasmi cha ukoo wao kilifunguliwa mwaka 1912. Walichaguliwa kwa ajili ya vita na kwa kazi ya kuchunga na kutenga ng'ombe, kazi zinazohitaji mnyama mwenye mwili uliojikusanya, anayeweza kuhamishia uzito kwenye miguu ya nyuma, kusimama ghafla na kugeuka papo hapo.

Uwezo huohuo ndio unaoonekana uwanjani. Kuna zoezi ambalo farasi hutroti, yaani huenda mwendo wa mchakamchaka, pale pale bila kusonga mbele, akiinua miguu kwa zamu huku sehemu ya nyuma ya mwili ikishuka na kubeba mzigo, na Fuego analifanya bila dalili ya kulazimishwa. Anapotoka hapo huingia kwenye troti ya taratibu, iliyoinuka, yenye kituo kifupi kati ya hatua na hatua, na kila kwato inatua juu ya mdundo wa muziki wa Kihispania kwa usahihi ambao mtu aliyekulia karibu na ngoma za muheme ataufurahia mara moja, kama anavyomfurahia mchezaji asiyekosea zamu yake. Baadaye yanakuja mabadiliko ya mguu unaotangulia katika kila hatua ya shoti, huku mpandaji akishika hatamu kwa mkono mmoja tu. Naomba mtazamaji aitazame sehemu hii kwa utulivu. Wachungaji wa ng'ombe wa Hispania hupanda farasi kwa mkono mmoja kwa sababu mkono wa pili hushika mti mrefu wa kuongozea mifugo. Kwa hiyo mpandaji hakuwa anajionesha ovyo, bali alikuwa anawakumbusha watazamaji farasi huyu alitoka kwenye kazi gani. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia.

Alama zilizotoka ni asilimia 81.45, zikampa nafasi ya tano. Mshindi alikuwa Totilas, dume mweusi wa Kiholanzi aliyepandwa na Edward Gal, kwa asilimia 91.80. Sitawalaumu majaji, kwani pale farasi anapotakiwa kurefusha hatua na kuufunika uwanja kwa troti ndefu, umbo la Kihispania halimpi nafasi sawa na wenzake wa kaskazini mwa Ulaya. Ninachokisifu ni kwamba mpandaji aliujua udhaifu huo na bado akajenga zoezi lake juu ya kile ambacho mbegu yake inakifanya vizuri zaidi, badala ya kuiga farasi wa wengine.

Sisi huku tunafanya kinyume. Tunayo mbegu ya ng'ombe wa Mpwapwa, iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha hapa mkoani kwetu kwa kuchanganya damu ya Zebu wa Tanzania, Boran, Sahiwal, Red Sindhi na Ayrshire, ili tupate mnyama wa maziwa na nyama anayestahimili ukame wa kanda ya kati. Ni kazi kubwa ya kitaalamu inayostahili heshima. Hata hivyo katika mabanda mengi ya maonesho mnyama hufungwa kwenye nguzo, bango linataja uzito na lita za maziwa, na mgeni anaondoka bila kumwona akitembea, akikamuliwa au akila majani makavu ya kiangazi, mambo ambayo hasa ndiyo yaliyomfanya azalishwe.

Rekodi ina mapungufu. Matangazo ni ya Kiingereza, hayaelezi asili ya mbegu wala malezi ya mnyama, na nakala niliyoitazama ina picha hafifu inayoficha kazi ya miguu ya nyuma inapokuwa mbali. Pia isimtie mtu tamaa ya kuagiza farasi bila ushauri wa daktari wa mifugo, kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, vimewamaliza farasi wengi katika bara hili.

Kwa kikundi cha wafugaji, ningeshauri ipakuliwe mapema, ioneshwe kwanza bila sauti ili macho yafuate miguu na mgongo, kisha irudiwe na muziki wake. Baada ya hapo kila mmoja aulizwe ni kazi gani moja ambayo mnyama wake anaweza kuifanya mbele ya wageni wa Nzuguni, na matayarisho yaanze mapema, kwa maana mnyama ambaye hajazoeshwa kelele za vipaza sauti hatatulia siku ya maonesho.