Teko kwenye mabango ya Kiswahili: uzoefu wangu

Tuanze na jina. Kiongozi wa timu moja ya mtaani alipoliona kwenye kompyuta yangu alicheka: "Teke?" Nikamwambia ni Teko, fonti, yaani mtindo wa herufi, ya kutoka India. Akasema basi weka hiyo hiyo, kwani bango si la mpira?

Mimi niliitafuta kwa sababu maneno yetu ni marefu. Andika WANAKARIBISHWA kwa fonti nene ya kawaida uone: ama neno linameza bango zima, ama unalipunguza mpaka abiria wa daladala halioni. Wengi hulibana kwa kipanya, na hapo mistari ya wima inakonda huku ya mlalo ikibaki minene. Kazi ya kulipua hiyo, inajulikana kwa mbali. Teko imezaliwa nyembamba. Mbavu zake zimenyooka, na O yake inafanana na dirisha la basi kuliko yai.

Aliyeibuni ni Manushi Parikh, mwaka 2014, kwa ajili ya Indian Type Foundry, kampuni ya kutengeneza fonti. Ina unene wa aina 5, kuanzia Light, iliyo nyembamba kabisa, hadi Bold, iliyo nene kabisa, na ndani yake zimo pia herufi za Kidevanagari, zile zinazoandikiwa Kihindi. Hilo nilidhani halinihusu, mpaka nilipopanga mistari miwili nikaona pengo la kupitisha bajaji. Kidevanagari kina alama zinazokaa juu na chini ya herufi, lazima ziachiwe nafasi. Sasa nikiandika kwa saizi 100, herufi kubwa tupu, nafasi ya mistari naishusha hadi 75 hivi, mambo yanatulia.

Bold, watengenezaji wenyewe wanashauri itumike kwa neno moja au mawili. Nilipuuza, nikaandika sentensi nzima, ikatoka kama ukuta wa matofali. Siku hizi kichwa ni Semibold, iliyo chini ya Bold kwa unene, na Bold naibakizia FAINALI.

Kwenye jezi ndipo ilipolipa. Namba zake zinakatika vizuri kwenye mashine ya stika na mabaki yanabanduka bila kugombana nayo. Majina madogo ndiyo tabu: kijitundu cha A kinaziba, na majina yetu bila A ni yapi? Halafu kuna WA, YA na KA. Kwa maandishi makubwa herufi hizo nazisogeza zikaribiane kwa mkono, la sivyo neno linaonekana limetoboka, na Kiswahili kimejaa hizo.

Ni ya bure kwenye Google Fonts, maktaba ya fonti ya mtandaoni, na leseni inaruhusu kazi za biashara. Usiiuze fonti yenyewe tu.

Kadi ya harusi nilijaribu mara moja. Mama wa bibi harusi aliishika, akaisoma, akaniuliza mnada ni saa ngapi.