SegWit na Bitcoin Cash: foku laini, foku ngumu

Foku ni mabadiliko ya sheria za mtandao wa sarafu, na Agosti 2017 Bitcoin ilipitia zote mbili, laini na ngumu. Tarehe 1, waliotaka bloku kubwa (bloku ni fungu la miamala) walipandisha kikomo cha ukubwa wake kutoka megabaiti 1 hadi 8. Hiyo ni foku ngumu: programu ya zamani huikataa papo hapo bloku iliyozidi kikomo chake, kwa hiyo mnyororo wa bloku ukagawanyika, Bitcoin Cash ikazaliwa. Mwenye sarafu 1 akaamka nazo 2, moja kila upande.

Tarehe 24 ikaanza SegWit, foku laini. Hapa sheria zilikazwa, hazikulegezwa. Saini za miamala zilihamishiwa pembeni, na kompyuta zisizosasishwa zikaendelea kupokea bloku mpya bila kushtuka, wala kuzikagua saini hizo (hili wengi hulisahau). Laini ina ujanja zaidi, lakini kwa uwazi naipa ngumu: huko unajua kabisa umehama.