Hema la Watu Watatu Katika Bonde la Mto Sigi: Tathmini ya Mtumiaji

Hema ninalolizungumzia ni lile la kuba lenye tabaka mbili na fito mbili zinazopishana juu, ambalo siku hizi linapatikana katika maduka ya vifaa vya michezo na safari mjini Tanga na Dar es Salaam kwa bei isiyofika laki mbili. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa hema hilohilo huuzwa kwa nembo mbalimbali, na mnunuzi atalitambua kwa umbo lake na kwa maelezo yaliyochapwa kwenye mfuko: watu watatu, kilo nne, kitambaa cha milimita 2,000. Nimelitumia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, upande wa Sigi, na maoni yangu yanahusu mazingira ya namna hiyo, si uwanda mkavu ambako karibu hema lolote hufaulu.

Sigi ni mtihani mgumu kwa hema. Barabara ya kutoka Muheza huiacha michungwa nyuma na kuingia kati ya migongo ya milima ya Usambara Mashariki hadi kwenye lango la hifadhi, mahali palipokuwa na kituo cha reli ya Wajerumani ya kusafirishia mbao, na kuanzia hapo msitu umefunika pande zote mbili za mto. Milima hiyo ndiyo ya kwanza kuupokea upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, hivyo mvua haisubiri masika wala vuli. Amani, iliyo juu zaidi, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya maji hayo huteremka kupitia bonde ambalo mpiga kambi amelala.

Muuzaji aliponiambia, "Dada, hili halivuji hata masika," alisema kweli kwa upande wa paa. Milimita 2,000 maana yake ni kwamba kitambaa kinaweza kuhimili safu ya maji yenye kimo cha mita 2 kabla hakijaanza kupenyeza, na mvua iliyotunyeshea usiku kucha haikupita popote, hata kwenye mishono, ambayo imezibwa kwa utepe upande wa ndani. Sakafu ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa kuwa magoti na viwiko huigandamiza dhidi ya udongo uliolowa. Ya hema hili ni ya turubai na imepanda ukutani kiasi cha upana wa kiganja, jambo linalostahili sifa. Hata hivyo ni vizuri kutandika turubai jingine chini yake, kingo zake zikiwa zimekunjwa zisichomoze nje ya paa, maana turubai linalochomoza hukinga maji yanayochuruzika na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mgongo wa aliyelala.

Kasoro kubwa ya hema hili haitokani na mvua, bali na pumzi. Usiku hewa baridi huteremka kutoka kwenye migongo ya milima na kutuama bondeni, mto na majani ya msituni vikiwa vimekwisha kuijaza unyevu, na watu wawili waliolala ndani huongeza mvuke wao kila wanapopumua. Paa la nje likishapoa, mvuke huo hugeuka maji upande wake wa ndani. Ilipokaribia alfajiri nilimulika tochi juu nikaona matone yamejipanga kitambaa kizima, na kila upepo ulipolitikisa hema, machache yalidondoka kupitia chandarua cha dari hadi kwenye begi la kulalia. Wengi hudhani hapo kwamba wameuziwa hema bovu. Njia ya kutofautisha ni nyepesi: maji ya kuvuja huanzia kwenye mshono au kwenye tundu na kufuata mstari, ilhali maji ya mvuke hutapakaa sawasawa, na mishono yenyewe haionyeshi dalili ya kupitisha chochote.

Dawa yake ni hewa, na hapo ndipo mtengenezaji alipobana matumizi. Kuna tundu moja tu la kupitishia hewa, nyuma, lenye kifuniko kilichosimamishwa na kijiti cha plastiki kinachoanguka kikiguswa. Tulifungua zipu ya paa la nje sehemu ya juu ya mlango tukabakiza chandarua peke yake, kisha tukakaza kamba zote za pembeni ili tabaka mbili zisigusane. Matone yalipungua sana, ingawa hayakuisha. Hema lenye milango miwili inayotazamana lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na anayeweza kuongeza fedha aiongeze hapo badala ya kutafuta kitambaa cha milimita nyingi zaidi.

Mahali pa kulisimika hema pana uzito kuliko hema lenyewe. Karibu na mto kuna kitalu cha mchanga kinachovutia sana, na nilikuwa nimeshalitua begi pale mzee aliyetuongoza aliponizuia: "Hapo pazuri kwa macho, mwanangu, lakini siafu wana njia yao, na mto ukijaa haubishi hodi." Sababu ya pili inaeleweka ukilitazama eneo lenyewe. Sigi iko takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari, na Amani karibu mita 900, kwa hiyo mvua inaweza kumwagika huko juu bila tone hata moja kuanguka kambini, kisha maji yakaongezeka ghafla gizani. Alituonyesha sehemu iliyoinuka, mbali na matawi makavu, na huko unyevu nao ulikuwa afadhali.

Mambo (vigingi vya hema) yanayokuja ndani ya mfuko ni waya mwembamba tu, yakikutana na mzizi yanapinda. Kukata miti hifadhini ili kuchonga mengine hakuruhusiwi na wala hakuhitajiki, kwani fundi yeyote wa kuchomelea atakukatia vipande vya nondo ya milimita 8 na kuvikunja ncha kwa fedha kidogo. Fito ni za nyuzi za kioo, na hupasuka kwenye maungio zikilazimishwa, basi ziunganishwe taratibu, zisirushwe zijiunge zenyewe. Zipu ya mlango hung'ata kitambaa mara kwa mara.

Kuhusu nafasi, watu watatu ni maneno ya kwenye mfuko. Ni wawili pamoja na mizigo yao, na wa tatu awe mtoto. Kitambaa hakizuii sauti yoyote, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa faida, kwani asubuhi mtu huamshwa na hondohondo wakivuka bonde, lakini anayekwenda na wageni wa msituni awaambie mapema kwamba ukelele wa kutisha wa usiku ni wa perere, mnyama mdogo asiyemdhuru mtu.

Kwa bei yake naliona hema hili kuwa la haki kwa mtu anayekwenda msituni mara chache kwa mwaka, na simshauri alinunue anayekusudia kukaa Sigi wiki nzima katikati ya masika. Atakayelinunua alifunge zipu na kulifungua palepale dukani mara kadhaa kabla ya kulipa, akague kama mishono ina utepe, na akirudi nyumbani alianike kivulini hadi likauke kabisa kabla ya kulikunja, kwa sababu joto la pwani na unyevu uliobaki huliharibu tabaka la kuzuia maji, likaanza kunata na kunuka, na hakuna fundi anayeweza kulirudisha.