Sonara aliyetanguliza tupa kabla ya macho: bangili ya marehemu bibi

Simshauri mtu apeleke pambo la zamani kukadiriwa thamani katika duka la sonara tulilokwenda sisi hapa Mombasa, Mji wa Kale, siku chache baada ya arubaini ya bibi yetu. Dhahabu mpya mnaweza kununua huko, kwa kuwa mizani yao ni sahihi na risiti wanatoa bila kuombwa. Ninalolalamikia ni ukadiriaji, na zaidi ya hapo namna mama yangu alivyotendewa mbele ya watu.

Bangili yenyewe ni pana, ina rangi ya dhahabu iliyofifia pembeni, na imepachikwa vito vyekundu na vya buluu. Bibi aliletewa na dada yake kutoka Muskati, kabla sisi hatujazaliwa. Ilikuwa imebaki katika mirathi, nasi tulitaka bei ya haki ili atakayeichukua ihesabiwe katika fungu lake, na wenzake wasidhulumiwe. Mama alilisema hilo mara tu tulipoketi: "Mwanangu, hatuuzi. Twataka kujua thamani yake tu."

Sonara hakumjibu. Aliitafutia muhuri wa 916 au 750, namba zinazoonyesha usafi wa dhahabu, na alipoukosa alichukua tupa akaikwangua usoni, katikati ya nakshi, mahali ambapo hapana jicho lisilopaona. Kukwangua peke yake si kosa. Rangi ya juu huficha kilicho chini, na hata mashine ya miale ya kupimia madini husoma zaidi tabaka la juu, hivi kwamba kitu kilichochovywa dhahabu nene kinaweza kuidanganya. Lakini fundi mwenye adabu huomba ruhusa kwanza, kisha hukwangua kidogo upande wa ndani, karibu na kifungio, ambako alama haitaonekana pambo likivaliwa. Huyu hakuomba ruhusa, na Mama aliponyosha mkono kumzuia, alimwambia asimsumbue akiwa kazini.

Chini ya ile rangi ilitokea madini nyeupe. Akadondosha tindikali, na tone likageuka jeupe zito kama maziwa. "Mama, hili ni bati," akasema, akaisukuma bangili mpaka ikagonga kioo cha kaunta. "Na mawe haya ni chupa. Nipe mia tano ya kupima." Tukalipa. Mama alipokuwa akiifunga katika leso yake, ndipo yule bwana akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba tukipenda tumwachie, atatupa elfu tatu.

Nani hununua bati kwa elfu tatu?

Nilipotulia nilijaribu kumtetea, hata mbele ya ndugu zangu. Si uongo kwamba bangili ile si dhahabu tupu, na si uongo kwamba vile vito si yakuti. Duka lake ni la dhahabu, na muuza dhahabu huangalia karati, yaani kiwango cha usafi wa dhahabu, na uzito, kisha huondoa uzito wa mawe. Kisichokuwa na karati kwake hakina hesabu. Nilikuwa tayari kuandika kwamba ni mtu mjuzi asiye na adabu, na kuyaacha yaishie hapo.

Hilo lilibadilika tulipoipeleka kwa mzee mmoja, fundi wa fedha, katika kichochoro kingine cha mji huu huu. Alimwamkia Mama, akaomba idhini ya kuigeuza, akaitazama kwa lenzi kwa muda mrefu kabla ya kuigusa na kitu chochote. Akatuonyesha kwamba pale dhahabu ilipolika, chini pamefanya weusi, na weusi ule ni wa fedha. Akaeleza kwamba masonara wa Omani walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye mwaka wa 1780 hata zilipotengenezwa miaka mingi baadaye, na kufua mapambo kwa fedha yake. Mengine waliyapaka dhahabu na kuyapachika vioo vya rangi. Kukosa muhuri katika kazi za kale za namna ile, akasema, hakuthibitishi kwamba kitu ni bandia. Ndani ya vito vyekundu alituonyesha viputo vidogo vya hewa, dalili ya kioo, lakini kioo hicho ndicho kilichokusudiwa na fundi wa mwanzo, kwa hiyo hakiishushi bei. Kinachoishusha ni kito kimoja cha buluu kilichobadilishwa kwa plastiki.

Kisha akataja bei tatu mbalimbali: ya fedha kwa uzito iwapo itayeyushwa, ya dukani kwa mvaaji, na ya mtu anayekusanya mapambo ya Omani, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ya kwanza peke yake ilizidi ile elfu tatu. Kwa ajili ya mirathi alitushauri tushike ile ya katikati, akatuandikia kwa mkono wake.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenieleza habari ya tindikali ile, ya nitriki. Ikidondoshwa juu ya shaba huchemka kijani. Juu ya fedha huwa nyeupe kama maziwa. Sonara yeyote anajua jambo hilo. Kwa hiyo yule wa kwanza aliiona fedha kwa macho yake, akamwambia mama yangu aliyefiwa kwamba ni bati, kisha akataka kuichukua. Lau tungemwamini, ndugu mmoja angepewa bangili ile kama kitu kisicho na thamani, na wengine wangepunjwa haki yao bila kujua.

Nayarudisha maneno yangu ya kumtetea, pamoja na ile sifa ya mizani niliyoanza nayo. Mzee alipolitazama jeraha la tupa usoni mwa bangili, alipunguza bei ya mkusanyaji, kwa sababu halifutiki bila kupakwa dhahabu upya, na kupakwa upya huondoa ukale wake. Sonara yule tulimlipa akadirie thamani, naye akaipunguza. Arudishe ile mia tano, na amwombe Mama radhi.