Nintendo Switch 2: ubishi wangu si wa nguvu, ni wa kadi

Mdogo wangu ana PlayStation 5, mimi nina Switch 2, mashine ya magemu ya Nintendo ya Japani inayochezwa kwenye TV au mkononi, na kila akija kwangu Jumapili ubishi ni uleule. "Kaka, hela yote hiyo umenunua mashine ya watoto?" Siku hizi nasubiri umeme ukatike. TV inazima, naichomoa Switch 2 kwenye stendi yake na tunaendelea na mbio palepale tulipofikia, mkononi, gizani, watoto wameniegemea mabegani. PlayStation yake saa hiyo ni boksi tu.

Kuhusu nguvu simbishii. PS5 inaizidi. Lakini Nintendo ina historia ndefu ya kukataa mashindano hayo. Gunpei Yokoi, fundi wa Nintendo aliyekuwa nyuma ya Game Boy, mashine ya mkononi ya mwaka 1989, aliamini kwamba kifaa kilichokwisha zoeleka na kushuka bei kinaweza kupewa kazi mpya ambayo hakuna aliyeifikiria. Game Boy haikuwa na rangi wala taa kwenye kioo, ila betri 4 ndogo zilidumu kwa saa nyingi. Wapinzani wao Sega wakaja na Game Gear, ina rangi, inang'aa, inakula betri 6 kwa saa chache tu. Game Boy na ndugu yake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Wii, mashine yao ya TV ya 2006, nayo ilikuwa dhaifu mbele ya wapinzani wake, lakini bibi asiyejua kushika pedi ya kuchezea aliweza kurusha mkono na kucheza tenisi. Ikapita milioni 100.

Anayeitetea Nintendo akiruka Wii U, mashine iliyofuata, simwamini. Ilitoka 2012 na pedi yenye kioo ambayo huwezi kwenda nayo mbali na mashine yenyewe. Wazo lilikuwa nusu. Iliishia kwenye milioni 13 na ushee. Switch ya Machi 2017 ndiyo iliyolimalizia lile wazo: mashine nzima ikaingia ndani ya kioo, kwa kutumia chipu ya Nvidia ya Tegra X1 ambayo haikuwa mpya sokoni. Nilinunua yangu 2019, na ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye magemu baada ya miaka mingi.

Hii ya pili ilitoka tarehe 5 Juni 2025. Dada yangu aliniletea kutoka Dubai. Kioo kimekua kutoka inchi 6.2 hadi 7.9, picha ni 1080p, na ukiiweka kwenye stendi inaweza kutoa 4K kwenye TV. Pedi za pembeni, zile Joy-Con, sasa zinashikwa na sumaku badala ya kuteleza kwenye reli. Ukiilaza moja ubavu juu ya meza, au hata juu ya paja, inakuwa kipanya kama cha kompyuta. Nilidhani ni pambo. Baada ya kucheza Civilization VII, gemu la kujenga dola, nimekaa kwenye kochi, nikisogeza majeshi kwa kipanya pajani, nimebadili mawazo kabisa. Chaji ndiyo hatua ya kurudi nyuma: Nintendo wenyewe wanasema saa 2 hadi 6.5, wakati Switch ya OLED, toleo la ile ya kwanza lenye kioo bora, walisema 4.5 hadi 9. Kwa nyumba inayokatikiwa umeme, tofauti hiyo ni kubwa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakitajwi sana. Kinaitwa GameShare. Switch 2 inaweza kuirushia Switch ya zamani iliyo jirani gemu moja, mkacheza wote kwa nakala moja, bila intaneti. Si kila gemu linakubali, lakini Clubhouse Games, mkusanyiko wa michezo ya mezani, linakubali, na ndani yake kuna mankala, mchezo wa mashimo na kete. Ni ya safu mbili, haifiki kwenye bao letu la mashimo 32 na kete 64, hata hivyo binti yangu ameanzia hapo na sasa anamsumbua babu yake amfundishe bao lenyewe. Humo humo kuna hanafuda, karata za maua za Kijapani ambazo Nintendo ilianza kuzitengeneza Kyoto mwaka 1889. Ukizicheza unaelewa hawa watu wametokea wapi: watu wamekaa pamoja, wanatazamana usoni.

Ndiyo maana suala la kadi linaniuma. Kwenye Switch ya kwanza, kwa kawaida unachomeka kadi ndogo yenye gemu ndani na kucheza. Nimeazimisha, nimeazimwa, nimeuza na kununua za mkononi. Sasa kampuni nyingi zinatoa magemu ya Switch 2 kwa kadi ambayo ndani haina gemu, ina ufunguo tu. Unaichomeka, halafu unapakua gemu lote kutoka kwenye intaneti, na kila ukicheza bado lazima kadi iwemo. Street Fighter 6 ilitoka hivyo siku ya kwanza. Mtu wa mji wenye intaneti ya waya nyumbani hataona shida. Mimi natumia bando. Na memori kadi za zamani hazikubali kuhifadhi magemu ya Switch 2, inataka aina mpya ya microSD Express, ambayo bei yake imechangamka.

Wanaosema haiwezekani vinginevyo, wakaitazame Cyberpunk 2077. Gemu zito kuliko mengi, na watengenezaji wake CD Projekt wameliweka lote kwenye kadi ya GB 64. Nintendo wenyewe magemu yao ya Mario Kart World na Donkey Kong Bananza wameyaweka kwenye kadi. Kwa hiyo ni uamuzi wa gharama, na Nintendo ndio walioufungua huo mlango kwa kuziruhusu kadi za ufunguo.

Je, ununue? Kama huna Switch kabisa na unapata magemu ya mkononi kwa watu, ile ya OLED bado ni mashine nzuri sana. Ya pili ilianza kwa dola 449.99 na Mario Kart World peke yake dola 79.99, si hela ya kuamka nayo. Mimi sijutii. Ila nikiingia dukani sasa, kabla ya picha na kabla ya bei, macho yanakwenda chini ya kasha, kwenye ule mstari mweupe wenye alama ya ufunguo. Ukiwepo, narudisha rafuni.