TanzLII: nimesomea humo rufaa za ubakaji miezi minne, hivi ndivyo nilivyoiona

Mimi si wakili jamani, ni msaidizi wa kisheria tu hapa kata yetu, yule mtu ambaye mama wa mtu anamfuata saa mbili usiku anamuuliza "dada, mshtakiwa amekata rufaa, sasa itakuwaje?" na wewe huna jibu. Ndo nikaanza kuingia TanzLII. Ni tovuti ya Mahakama ya Tanzania, hukumu zimewekwa humo bure, unasoma hapohapo au unashusha PDF. Kabla ya hapo kuna app moja siitaji jina nilikuwa nailipia kila mwezi, inanipa muhtasari wa mistari mitatu na hata hiyo mitatu imekosewa, nikaifuta.

Kutumia ni rahisi, ukiona TZCA kwenye namba ya hukumu hiyo ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Mimi nasoma za Rufani maana ndo mwisho wa reli.

Sasa huku mtaani kuna maneno mawili kila mtu anayajua na yote si kweli. La kwanza, bila PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari baada ya kumpima mwathirika, hakuna kesi. La pili, mwanamke akishafungua mdomo tu mtu kala miaka 30. Nimesoma hukumu kama arobaini hivi na naweza kusema hayo yote mawili hayana miguu. Kuna hukumu ya 2006 inanukuliwa karibu kila mahali, inasema ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa mwathirika mwenyewe, na tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake ilimradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu. Kwa hiyo utakuta PF3 imefutwa kwenye kumbukumbu, mfano kwa sababu ilipokelewa halafu haikusomwa mbele ya mshtakiwa, na bado kifungo kimebaki palepale. Sikulijua hilo, na nilishawakatisha tamaa watu wawili kwa kutolijua.

Ila ukisoma rufaa namba 145 ya 2017, kikao cha Iringa, majaji wanasema wazi kwamba neno la mwathirika halikukusudiwa lichukuliwe kama Injili, lazima lipimwe. Linapimwaje na wao majaji hawakumwona akitoa ushahidi? Hapo ndo patamu. Sura, sauti, kusitasita, hayo wanamwachia hakimu aliyemsikiliza, wao wanashika karatasi: je maelezo yake yanashikana mwanzo mpaka mwisho, yanaendana na ya mashahidi wengine, na hili linarudi sana, alimtaja mtu lini? Akimtaja mapema inampa nguvu, akichelewa wanauliza kwa nini, kama alitishiwa na panga hiyo ni sababu, kama hakuna maelezo yoyote wanaanza kutilia shaka. Halafu kama mahakama mbili za chini zimekubaliana kuhusu ukweli wa tukio, Rufani hawaingilii ovyo, mpaka waone kuna kitu kilipotoshwa au kilirukwa.

Kilichoniuma ni kesi za watoto. Tangu marekebisho ya 2016 mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Sentensi moja tu. Na nimesoma hukumu ambazo hakimu hakuiandika hiyo ahadi, ushahidi wa mtoto ukafutwa wote, bila huo hakuna kilichobaki, mtu anatoka. Mtoto hakukosea chochote hapo. Zipo hukumu za karibuni zaidi zinazoangalia kama mtoto alisema kweli badala ya kushikilia hiyo kasoro tu, kwa hiyo ukisoma moja usitoke mbio kwenda kumwambia mtu, soma na iliyokuja baada yake. Mimi sasa kabla mtoto hajaenda mahakamani namwambia mzazi amkumbushe mwendesha mashtaka hilo la ahadi, hata akionekana msumbufu.

Shida kubwa ni lugha. Sheria ya 2021 ilishasema lugha ya mahakama ni Kiswahili lakini hukumu nyingi za Rufani nilizozikuta ni za Kiingereza, tena kile Kiingereza cha kukufanya usome aya mara nne. Hata kutafuta inabidi uandike neno kwa Kiingereza. Yule mama wa saa mbili usiku nilimsomea hukumu nzima nikitafsiri kichwani, ikatuchukua muda wa saa mbili na nusu tukiwa jikoni kwangu.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku huyo mama akiweza kuisoma mwenyewe kwenye simu yake bila kunigongea mlango.