Daktari wa mifugo wa Machomane: alimpasua kuku badala ya kuniuzia dawa

Mfugaji wa kuku Pemba anayeona kuku wanakwisha na hajui kwa nini, aende kwenye duka la dawa za mifugo hapa Machomane, Chake Chake, amuombe daktari wake aje mpaka bandani. Kwengine ukisema tu kuku wamezubaa unapewa pakiti ya antibiotiki. Huyu alianza na chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku: nani alitia, chupa ilikaa wapi, tone liliingia jichoni kweli, kama narudia kila miezi 3. Chanjo haikuwa na kasoro, na bado makoo wangu walikonda, kinyesi kijani, mbawa zimelegea.

Akataka kuku aliyekufa alfajiri ile. Alimpasua chini ya mwembe, akaikosha firigisi kwenye beseni, na pamoja na changarawe vikatoka vipande vya kijivu, laini, ukucha unavikwaruza. Risasi, si ya bunduki, bali madini ya sumu yaliyomo ndani ya betri. Nyuma ya ua wangu kuna fundi anayevunja betri za magari, na kuku hushinda huko wakichakura.

Alivyonieleza ndivyo vilivyonifanya niandike. Kuku humeza vipande akidhani ni changarawe, firigisi inasaga, asidi ya tumbo inayeyusha, risasi inaingia damuni. Humo inadhoofisha chembe nyeupe zinazotengeneza kinga, hata chanjo nzuri ikatiwa na mwili usiitikie inavyopaswa. Koo anayetaga ndiye namuonea huruma zaidi: akikosa chokaa, mwili hufyonza risasi kwa wingi na kuiweka mifupani. Akichota chokaa mifupani atengeneze ganda, risasi nayo inatoka, na nyengine huishia kwenye kiini cha yai.

"Mama, mayai haya usiwape watoto," akaniambia. Kwa neno hilo peke yake nimemshukuru sana.

Alichoniuzia ni makome yaliyosagwa tu, kuku wapate chokaa, na shilingi 10,000 ya kuja. Akaagiza kuku wafungiwe, mbali na udongo ule.

Yapo ya kurekebisha. Akitoka, duka linafungwa. Na hakuandika chochote, ilhali mwenyewe alisema uthibitisho kamili ni kupima damu maabara. Bila karatasi nitamwambia nini fundi, ambaye naye ana watoto wanaocheza pale pale? Nimeshamuomba aniandikie ripoti, niipeleke kwa sheha.